Kigoda cha Jalpa

Juzi, tulipokuwa tunamwandaa mama yangu kwa mazishi, mwosha alinipa bakuli akaniomba niponde karafuu maiti. Kazi ndogo. Mimi ni mtu mzima, nimesoma chuo kikuu, nimewahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa watu nikazungumzia kifo katika fasihi kwa saa nzima bila sauti kutetereka, tena nikiwa nimevaa miwani. Nikaponda kidogo, harufu ikapanda, nikaweka bakuli chini na kutoka nje mbiombio hadi kwenye tangi la maji. Shangazi zangu wakanifuata wakinipepea kwa ncha za kanga.

"Mwacheni alie," walisema. "Mama ni mama."

Sikuwa nalia. Kulia nililia baadaye, na sana. Wakati ule nilikuwa nimevua ndala na nimeinama natazama miguu yangu, kuhakikisha kwamba vidole bado vinacheza.

Nilikulia Temeke, katika nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa ya Baba Jalpa, na familia yake iliishi nyuma yake, Wahindi pekee katika mtaa wetu. Baba Jalpa alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Siku moja nilipishana naye sokoni Tandika amevaa shati safi, nikapita bila kumwamkia kwa kuwa sikumtambua, na nilichapwa kwa hilo. Mkewe alizaliwa Kilwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko cha mwalimu wetu wa Kiswahili. Binti yao wa pekee, Jalpa, alikuwa rika langu. Tulicheza rede kwenye uwanja wa mashine, katikati ya wanawake waliosubiri zamu na ndoo zao za mahindi. Alikuwa hodari wa kukwepa mpira, na akipigwa alikataa katakata kwamba amepigwa, hata kama alama ya vumbi ilionekana mgongoni.

Kisha malaria ikampanda kichwani. Leo tulikuwa naye, kesho hakuwepo.

Kwetu mtu akifa hata mtoto ana lake la kuona: jeneza linapita limebebwa mabegani, wanaume wanapokezana, na baadaye unaonyeshwa kwa kidole kwamba fulani amelala pale. Jalpa hakulala popote. Wakubwa walisema kwa sauti ya chini kwamba amechomwa, kama ilivyo desturi yao, na majivu yake yametiwa katika chungu. Baada ya neno chungu, wakaniona nimesimama, wakahamia kwenye habari za bei ya mchele. Mkubwa anayenyamaza ghafla mbele ya mtoto hajui kazi kubwa anayomwachia.

Likaja na tatizo la jina. Mama Jalpa hakuwa na jina jingine tulilolijua. Kumwita hivyo ilikuwa kama kumchoma sindano, na kutomwita ilikuwa kama kumnyang'anya. Mtaa ukaanza kukwepa. Mama yangu alimwita jirani. Wengine wakasema mama wa mashine, na wengine walisogea karibu kabisa hadi waangaliane naye usoni, ili wasilazimike kumwita. Mwaka mzima na zaidi sikusikia mtu akisema Mama Jalpa. Naye hakulalamika. Aliitika kila alichoitwa.

Tuliishi na Bibi, mama wa mama yangu. Bibi alikuwa mbea, aliogopa mijusi, na alipenda kubishana na redio. Lakini alikuwa pia mwosha maiti wa mtaa kwa upande wa wanawake, na kwa sababu hiyo watu walimsikiliza hata alipokosea. Kikapu chake cha kazi kilining'inia nyuma ya mlango wa chumba tulicholala sote wawili: pamba, ubani, chupa ya marashi, bafta nyeupe ya sanda iliyokunjwa, na karafuu maiti ndani ya kopo la maziwa ya unga. Tulikatazwa kukigusa, kwa hiyo nilikijua vizuri. Niliwahi pia kumchungulia akiwa kazini kwa jirani, kabla sijafukuzwa. Nilichokumbuka ni mikono yake ikimwaga maji taratibu, na kwamba alianza upande wa kulia.

Sasa, kila mwaka mvua za vuli zilipokaribia, Mama Jalpa alikuwa na sikukuu ya mungu wao wa kike, ambaye yeye alimwita Mataji, yaani mama. Sikukuu ilifanyika usiku tisa mfululizo, na mwishoni mwake walialikwa nyumbani wasichana tisa ambao hawajavunja ungo. Kwa imani yake, asubuhi hiyo Mataji mwenyewe huja kukaa ndani ya wasichana, ndiyo maana huoshwa miguu, huinamiwa na kulishwa. Haya nimeyajua ukubwani, kwenye vitabu, nikiwa nimekaa mbali na hatari. Wakati ule nilijua tu kwamba mabinti wa ndugu zao walikuja kwa gari kutoka mjini, wakajipanga mstari na Jalpa, na jioni Jalpa akatuletea puri zilizobaki, vile vichapati vyao vya kukaanga. Mwaka wa msiba hawakufanya sikukuu. Mwaka uliofuata, baadhi ya mabinti wale walikuwa wamekwisha vunja ungo na wengine wamehama nchi. Mama Jalpa akaingia mtaani kutafuta.

Alitukuta uani. Mama alikuwa anakuna nazi, Bibi yuko mkekani, mimi nachambua mchele. Baba alikuwa safarini na lori, kwa hiyo shauri liliamuliwa na waliokuwepo.

"Hodi."

"Karibu, jirani," alisema Mama.

"Sikai. Nimekuja kuazima mtoto."

Nikaacha kuchambua. Kwetu vilivyoazimwa vilikuwa na tabia zao. Sufuria letu kubwa liliazimwa na jirani mwingine, mama yake rafiki yangu Upendo, kwa ajili ya kipaimara, na tangu hapo tulikuwa tukiliona kwa mbali tu, likipikiwa ndizi.

"Wa nini?" aliuliza Bibi.

"Wa kula tu, mama. Jumamosi asubuhi. Kuna maombi yangu kidogo, kisha wanakula wanaondoka. Nimepata wote, amebaki mmoja."

"Atasujudia masanamu?"

"Hasujudii kitu. Yeye ndiye..." Mama Jalpa akasita. "Yeye anakaa tu, mama. Kazi yote ni yangu."

"Nyama?"

"Sie nyama hatuli."

Bibi akatafakari kama kadhi. "Basi hakuna kilichochinjwa vibaya. Aende akale kwa jirani. Ila we mtoto, usitamke neno usilolijua maana. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Mama akamsindikiza mgeni hadi kwenye mlango wa bati, na pale wakasemezana kwa chini. Mchele una faida moja, hauna kelele. Nilimsikia Mama Jalpa akisema, "Nitamkalisha pale pale kwa Jalpa. Walikuwa sawa kwa urefu."

Mama hakukataa. Alimshika mkono tu.

Kesho yake nilimpata Upendo, ambaye baba yake alikuwa karani kutoka Moshi na ambaye naye alikuwa amealikwa. Upendo alikwisha ingia ndani kwa kina Jalpa kupeleka mahindi ya kusaga, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushuhudia, alishuhudia.

"We, mle chumbani kuna udongo," aliniambia.

"Udongo wa nini?"

"Sijui. Wameuweka sakafuni, karibu na picha. Umeota majani juu. Tena majani yenyewe ya njano, kama hayajawahi kuona jua."

"Mkubwa?"

Akapima kwa mikono. Ulikuwa mdogo. "Na kuna chungu kina matobo," aliendelea. "Ndani yake kuna kitu kinawaka. Mchana wote kinawaka. Mama mwenyewe anakaa mbele yake anakiongelesha."

"Anakiongelesha nini?"

"Kihindi."

Upendo hakuwa na wasiwasi wowote. Aliishi dunia ambayo mambo yalikuwepo tu, na wewe ukayapita. Mimi nilikuwa na akili ya kuunganisha, akili ile ile iliyonifikisha chuo kikuu baadaye na kunisumbua huko pia. Nikaunganisha. Jalpa hakuwa na kaburi, na sasa kaburi lilikuwa chumbani, limeota majani. Jalpa aliwekwa ndani ya chungu, na chungu kilikuwa kinawaka na kuongeleshwa. Jalpa hakuwa na mwili tena, na mama yake alikuwa anaazima msichana wa urefu wake. Hata leo nikiupitia ushahidi ule, sioni nilipoteleza.

Nikajaribu kuugua. Nilimwambia Bibi tumbo linakata, akanichemshia mwarobaini na kunisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Nikasema nimepona.

Jumamosi Mama aliniogesha mwenyewe, jambo ambalo alikuwa ameacha tangu nianze shule. Alinisugua nyuma ya masikio, akanipaka mafuta ya nazi, akanivika gauni la Idi. Nilimtazama usoni nione kama anajua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nitarudi?"

"Swali gani hilo? Ni hapo tu, ukutani." Kisha akaniweka sawa kola ambayo ilikuwa sawa tayari. "Kuwa na adabu. Yule mama ana mengi."

Mashine ilikuwa imezimwa, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zake. Tulivua viatu mlangoni. Chumba kilikuwa kimefungwa mapazia, na mbele kwenye meza iliyofunikwa kitambaa chekundu palikuwa na picha ya mwanamke mwenye mikono mingi amempanda simba, amevishwa taji la maua ya asumini. Chini yake nikaviona kama vilivyoelezwa, beseni la udongo lenye majani membamba na chungu chenye matobo ambayo kila moja lilitoa kijishale cha mwanga. Kando yake kulikuwa na sinia. Juu ya sinia nikaona pamba, imesokotwa vipande vipande. Nikaona bakuli la maji na chupa ya marashi. Nikaona vitu vyeupe vinavyong'aa kama chumvi ya mawe, na kabla sijajisogeza harufu ikanifikia.

Karafuu maiti.

"Upendo," nilinong'ona, "mbona hakuna bafta?"

"Bafta gani?"

Mama Jalpa akaja na furushi la vitambaa vipya, vyekundu, vyenye uzi wa dhahabu, akaanza kumfunika kila msichana kichwani. Nikapata tumaini dogo. Sanda ni nyeupe.

"Wahindi wao wanatumiaga nyekundu," alisema Upendo, mkweli hadi mwisho.

Wasichana wengine walikaa mkekani. Mwisho wa mstari, karibu kabisa na chungu, palikuwa na kigoda. Nilikifahamu. Jalpa alikuwa amekichora tiara kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mashine, na mkia wa tiara ulishuka kwenye mguu mmoja wa kigoda mpaka chini. Mama Jalpa akanishika bega.

"Wewe hapa, mwanangu."

Nikakaa. Sijui kwa nini sikukimbia. Nimewahi kusema mbele za watu kwamba ilikuwa heshima. Ukweli ni kwamba viatu vyangu vilikuwa chini kabisa ya rundo la viatu, na kuacha kiatu, Mama asingenisamehe, hata nikiwa marehemu.

Baba Jalpa alisimama pembeni na kengele ndogo, nyusi hazina unga, akawa mgeni tena machoni pangu. Akapiga kengele. Mama Jalpa akawasha pamba, akawasha na karafuu maiti, moshi ukajaa, akaimba kwa sauti nyembamba iliyokatika mahali na kuungwa tena. Aliizungusha sinia mbele ya picha, kisha akageuka akaizungusha mbele yetu, kana kwamba sisi nasi ni picha. Halafu akapiga magoti kwa msichana wa kwanza na beseni la shaba.

Alikuwa anaosha miguu. Alifika kwa wa pili, kwa wa tatu. Kila mmoja alimwagiwa maji, akafutwa, akapakwa nukta nyekundu kwenye paji la uso, akafungwa uzi mwekundu mkononi, kisha Mama Jalpa akainama mpaka kipaji chake kikagusa miguu. Upendo alicheka kwa kutekenywa. Nilikuwa nawahesabu waliobaki kabla yangu kama mtu anayesubiri sindano kliniki, na mstari ulikuwa unakwisha.

Akafika. Alikaa kitako mbele ya kigoda, na kwa mara ya kwanza hakuanza mara moja. Alitazama miguu yangu muda mrefu. Kisha akaushika mguu wa kulia.

Wa kulia. Kama Bibi.

Nikafikiri, pengine hajatambua. Pengine kwa ajili ya giza na moshi na huzuni anadhani kwamba tayari ni maiti. Nilikuwa nimekatazwa kutamka neno nisilolijua, na maneno niliyoyajua yote yalikuwa yamenikimbia. Nikabakiwa na njia moja tu ya kumjulisha. Nikaanza kuchezesha vidole vya miguu, kwanza taratibu, halafu vyote kwa pamoja, kwa nguvu, maji yakaruka kwenye beseni.

"Tulia, mwanangu," alisema kwa upole.

Nikazidisha. Akanishika miguu yote miwili ikatulia mikononi mwake. Kisha akainama. Nikaona utosi wake, mstari wa katikati ya nywele, mvi chache. Kipaji chake kikagusa miguu yangu, kikabaki hapo. Kilikuwa cha moto.

Sasa naomba mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi anielewe. Tangu ulimi wangu ujue kusema, nilifundishwa kwamba mdogo hunyenyekea na mkubwa hupokea, na kwamba kumwacha anayekunyenyekea bila jibu ni ukosefu wa adabu usio na dawa. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya mkubwa anapokuwa chini miguuni pako. Mama alisema niwe na adabu. Bibi alisema nitamke ninachokijua. Kwa hiyo, kwa sauti ya mtu anayekufa akiwa na malezi mema, nikasema:

"Marahaba."

Kengele ikanyamaza. Upendo aliguna. Mama Jalpa hakuinua kichwa, lakini mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikajua nimeharibu kila kitu, sasa nitatiwa chunguni bila hata kumaliziwa mguu wa kushoto. Ndipo maneno yakarudi yote kwa mkupuo.

"Mama Jalpa, mie bado mzima! Mama Jalpa, usinitie kwenye chungu! Jalpa mwenyewe hatanitaka, tuligombana!"

Jina lile likasikika chumbani kama sahani iliyoanguka. Baba Jalpa akageukia ukuta. Yeye mama akainuka polepole, na uso wake ulikuwa umelowa, na sikuweza kujua kama alikuwa anacheka au analia. Leo nadhani hata yeye hakujua.

"Mligombania nini?" aliuliza.

"Rede. Nilimpiga, akakataa."

"Alikuwa anakataa sana," alisema. "Hata kwangu."

Akavuta chungu. Kwa ncha ya sari akainua kifuniko chake, akanivuta karibu. "Tazama."

Sikutaka. Akanisubiri. Nikatazama. Ndani kulikuwa na kibakuli cha udongo, samli, na utambi mmoja wa pamba unaowaka. Hakuna kingine. Joto lilinipiga usoni, likanuka kama mandazi.

"Ni taa, na yale majani ni ngano tu niliyoiotesha," alisema. "Humo hamna mtu."

Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio langu, ili wale wengine wasisikie, wala mumewe.

"Hayumo, mwanangu. Hata mie nilitazama, siku ya kwanza."

Akarudisha kifuniko, akaosha mguu wangu wa kushoto.

Tulikula puri, dengu na halua ya ngano iliyochuruzika samli mpaka kwenye viwiko. Mama Jalpa alipita akitujazia majani ya migomba tuliyotumia kama sahani, na kila alipofika kwangu aliongeza bila kuuliza. Karibu na mlango Upendo akamwita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Jalpa, naomba maji." Akaitika. Kabla ya Idi mtaa mzima ulikuwa umerudi kumwita hivyo, na hakuna aliyekumbuka nani ameanza. Mimi nilikumbuka, lakini hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani Bibi alinigeuza geuza kama embe sokoni. Akafuta ile nukta kwa kidole, akauacha uzi.

"Ulitamka nini huko?"

"Marahaba tu."

"Hilo halina neno," alisema. Halafu akanusa nywele zangu, akakunja uso. "Karafuu maiti! Huyu mama anaichoma? Anajua inauzwaje?" Na kuanzia hapo, kila duka likikaukiwa, Bibi alimtuma mtu kwa Mama Jalpa kuazima, na mwaka mmoja sikukuu ilipowadia Mama Jalpa naye akatuma mtu kwa Bibi. Marehemu wengi wa mtaa wetu wamekwenda na harufu ya Mataji, wala hakuna aliyerudi kulalamika.

Haya yote yalinipitia pale kwenye tangi la maji, miguu wazi, shangazi wakinipepea. Nikavaa ndala, nikarudi ndani, nikaponda.

Baada ya mazishi tulikaa mkekani tukipokea watu. Mchana bajaji ikasimama nje, akateremshwa mwanamke mzee wa sari nyeupe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ameshikwa mkono na mjukuu wa ndugu yake. Siku hizi anaishi Upanga, na mashine ya kusaga imekuwa ukumbi wa kuonyesha mpira. Wanawake wakampisha, akakaa kitako, akanyoosha miguu mbele yake kwa sababu magoti hayakunjiki tena. Alinitazama akionekana kunitafuta ndani ya uso huu wa mtu mzima.

Nikamsogelea kwa magoti. Sikumpa mkono. Niliishika miguu yake, yote miwili, nikainama mpaka kipaji changu kikaigusa. Ilikuwa baridi.

"Shikamoo, Mama Jalpa."

Alichelewa kujibu, nami sikuinua kichwa, na ule woga wa zamani ukanipanda shingoni.

"Marahaba," alisema.

Kisha, mbele ya macho yangu, taratibu, akachezesha vidole.